Tangi la Njia Panda

Bibi wa Chini huleta maziwa asubuhi, Bibi wa Juu huleta jioni, na mimi nina sufuria moja. Ya pili, ile ndogo, mume wangu aliondoka nayo alipokwenda mjini kutengeneza majokofu ya watu, akisema hawezi kula mkate mkavu kila siku kama mgonjwa. Kwa hiyo yanayobaki ya asubuhi hukutana na ya jioni humo humo. Yanachemka pamoja, yanapoa pamoja, na binti yangu anayanywa bila kuuliza yametoka wapi. Mtaa mzima humwita Kibonge. Ukiyaona mashavu yake huhitaji kuuliza kwa nini.

Kila bibi anajua mashavu hayo yametoka wapi.

"Hii ni kazi yangu," husema mama mkwe asubuhi, akimnyanyua Kibonge na kumpima uzito kwa mikono. "Ng'ombe wa Chini anakula majani mabichi. Maziwa ya kule kwenu, unisamehe mkwe wangu, ni weupe tu, kama chokaa."

"Hii ni kazi yangu," husema mama yangu jioni, akimfinya mtoto paja. "Hao wa Chini maziwa yao ukiyatikisa yanacheka kama maji kwenye dumu. Usimpe mtoto wangu, utamharibia tumbo."

"Sawa, mama," mimi huwajibu wote wawili.

Juu na Chini ni mji mmoja. Kwenye ramani ya ofisi ya mkoa tumechorwa kwa nukta moja. Lakini mji umekaa kwenye mteremko, na barabara kuu inaukata katikati. Hapo ndipo njia panda. Waliojenga upande wa mlimani ni wa Juu, waliojenga upande wa mtoni ni wa Chini, na mgeni asiyejua tofauti yao ataelezwa hata na mtu ambaye hakumuuliza. Mimi nilizaliwa Juu nikaolewa Chini. Ni mwendo wa kushuka tu, unaanza kutafuna muwa na kufika haujaisha, lakini siku ya harusi shangazi zangu walilia kana kwamba navushwa bahari.

Pesa ya Mfuko wa Maendeleo wa Mkoa ilipotufikia mara ya kwanza, nikiwa bado msichana, ilikuja kujenga soko. Juu wakataka soko liwe Juu. Chini wakataka liwe Chini. Wakubwa, kwa kuogopa kelele, wakaikata pesa katikati, tukapata masoko mawili yasiyo na paa. Kuta zake bado zimesimama. Mbuzi wa pande zote hupumzika humo mchana, na wao angalau hawabaguani. Wenye mboga waliendelea kuuza chini ya jua, wenye nguvu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta kazi, na kila aliyeondoka, upande wake ulisema ameondoka kwa sababu ya upande ule mwingine.

Ndiyo maana Afisa wa Mfuko alipokuja safari hii, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mpira na sauti ya kuitisha foleni, alisimama pale njia panda penyewe na kusema, "Leo hatukati kitu. Tumewaletea tangi la kupozea maziwa. Tangi halina nusu. Ukilikata ni chuma chakavu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Mwisho wa mwezi, maziwa ndani ya tangi yawe yamefika mstari mwekundu. Yakifika, tangi linabaki, Mfuko unalipa fundi wa kudumu wa kulitunza, na kiwanda kinaleta lori lake kubwa na bei yake nzuri. Yasipofika, tangi linapakiwa na kupelekwa wilaya nyingine, ambako, alisema huku akitutazama mmoja mmoja, "wanaliulizia kila wiki."

Niliposikia fundi wa kudumu sikusikia tena lililofuata. Fundi wa majokofu nilikuwa naye mimi. Alikuwa mjini, analala chumba kimoja na wanaume watatu, anapika kwa sufuria yangu ndogo. Kibonge alimjua kama sauti iliyomo ndani ya simu. Akiambiwa msalimie baba, aliibusu simu.

Kazi ya kuhudumia tangi nilipewa mimi. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, yale tunayosomea kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, na nilijua kusoma kipimajoto. Lakini nadhani sababu kubwa ilikuwa nyingine. Juu walisema, huyo ni mtoto wetu. Chini walisema, huyo ni mkwe wetu. Kila upande ukaenda nyumbani ukijua umeshinda.

Chumba cha tangi kilikuwa kipya, bado kinanuka rangi na saruji. Tangi lenyewe liling'aa mpaka unaweza kujitengenezea nywele. Juu yake kulikuwa na mota ndogo, na kutoka kwenye mota kilining'inia kikorogeo, chuma chenye makafi mawili, kinachozungusha maziwa polepole ili baridi ya chini ifike juu. Niliosha kila kitu kwa maji ya moto, nikavaa aproni nyeupe, nikamketisha Kibonge kwenye mkeka nje ya mlango, nikangoja.

Wakaja Juu. Wakaja Chini. Ndoo zikawekwa chini, hakuna aliyemimina.

"Ngojeni kwanza," alisema mama yangu. "Tunamimina wapi?"

"Humo, mama. Tangi ni hilo."

"Na hao wanamimina wapi?"

"Humo humo."

Alishika ndoo yake kama mtu anayeshika mkoba wake sokoni. "Mimi maziwa yangu hayalali na maji ya watu."

"Maji?" Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa mlango, na hakuwa mtu wa kuitwa mara mbili. "Mkwe mwenzangu, sisi tukitaka maji tunakwenda mtoni. Nyie mnaoishi bila mto ndio mtuambie ndoo zenu mnaziosha kwa kitu gani. Mate?"

Mwenyekiti wetu ni fundi cherehani, na kama mafundi cherehani wengi hupenda kila mtu aondoke ameridhika hata kama nguo haijaisha. Akainua tepu yake ya kupimia, ambayo huvaa shingoni hata kanisani, na akatoa suluhisho lililowafurahisha wote. Leo Juu, kesho Chini. Maziwa ya leo yachukuliwe asubuhi na gari dogo la kiwanda, tangi lioshwe, wengine waingie. Makofi yakapigwa. Mimi nilimwangalia Kibonge, naye akanipungia mkono kama kiongozi aliyemaliza hotuba.

Nadhani ni sisi tu duniani ambao tungeweza kupewa tangi lisilokatika na bado tukapata namna ya kulikata.

Aliyefurahi zaidi alikuwa Honi. Huyu ni mchuuzi wa maziwa mwenye pikipiki, tunamwita hivyo kwa sababu hupiga honi hata akiwa amesimama. Siku ya Juu alinunua kwa Chini, siku ya Chini alinunua kwa Juu, kwa bei ya kusikitisha, maana maziwa hayamngojei mtu. Na alipokuwa akipima alipitisha maneno. Kule aliwaambia, "Hawa wenzenu jana wamepeleka maziwa, sijui niseme nini, mimi si mtu wa umbeya." Kisha akasema.

Siku za kwanza sikuelewa kinachotokea. Kipimajoto kilinionyesha baridi, tangi lilinguruma vizuri, lakini gari la kiwanda lilipofika asubuhi dereva alitia spiriti kwenye maziwa kidogo, yakashikana mapande mapande, akatikisa kichwa. Yalikuwa yameanza kuchacha. Akayakataa. Yalikuwa ya Chini, na Chini wakasema Juu wameacha uchafu kwenye tangi makusudi. Kesho yake yakakataliwa ya Juu, na Juu wakasema Chini wamelipiza.

Jioni ile nilipanda ngazi fupi nikafunua mfuniko, nikaangalia ndani kwa tochi. Maziwa yalikuwa machache, yametandaa chini kama maji kwenye sinia. Kikorogeo kilikuwa kinazunguka juu yake, kwa bidii kabisa, bila kugusa kitu. Niliingiza kijiko kirefu kilichochemshwa. Chini kabisa kiligonga kitu kigumu. Barafu. Juu ya barafu maziwa yalikuwa na uvuguvugu.

Nikampigia mume wangu.

"Kikorogeo kinagusa maziwa?" aliuliza.

"Hakigusi."

"Basi tangi halina ugonjwa. Lina njaa." Nikasikia watu wa chumba chake wakibishana kuhusu mpira. "Hapo kwenye mstari mwekundu ndipo makafi yanapozama. Chini ya hapo, baridi inabaki sakafuni, inagandisha ya chini, na ya juu yanachacha. Mama Kibonge, hilo tangi limetengenezwa kwa mji mzima."

"Mji mzima hautaki kulala kitanda kimoja."

"Mimi mwenyewe nalala chumba kimoja na wanaume watatu..."

"Acha utani, naongea mambo ya maana."

"Na mimi naongea ya maana," alisema, sauti ikabadilika. "Nimewaambia huku kwamba huenda nikaondoka mwisho wa mwezi. Usinifanye niwaambie tena kwamba sitaondoka."

Mkutano uliitishwa kwenye soko la Juu, lile lisilo na paa, kisha ukaahirishwa kwa sababu Chini hawakutaka kupanda. Ukafanyika barabarani. Niliwaeleza kila kitu, barafu, uvuguvugu, makafi yanayozunguka hewani. Nilichora hata kwenye vumbi kwa kijiti. Wote walielewa, na wote waliona kosa ni la wengine.

"Basi waache kuleta, tujaze sisi," alisema mtu wa Juu.

"Ng'ombe wenu wote hamfikishi," alijibu wa Chini. "Hata mkikamua na mbuzi."

"Na nyie hamfikishi!"

"Hatufikishi, lakini yetu ni safi!"

Mama yangu na mama mkwe walikuwa mbele kabisa, kila mmoja na kanga yake imekazwa kiunoni, wakisemeana maneno ambayo wakwe hawasemeani. Mwenyekiti aliinua tepu. Hakuna aliyeitazama. Watu wakatawanyika, wa huku wakapanda, wa huku wakashuka, nikabaki na mchoro wangu wa vumbi na Honi aliyekuwa akiwasha pikipiki.

"Shemeji, usiumie," alisema. "Tangi likiondoka, mimi nipo."

Nilirudi nyumbani nikaweka sufuria motoni. Sikulia, kwa sababu Kibonge akiniona nalia hulia zaidi yangu, halafu inakuwa kazi mbili. Yalikuwa yamebaki ya asubuhi. Nilikuwa bado nakoroga wakati mama yangu alipoingia na chupa yake ya jioni, bado anahema kwa hasira ya mkutano, na kabla hajaketi mlango ukabishwa tena. Mama mkwe. Hajawahi kuja jioni. Alikuwa amekuja kuniambia nisijali, nadhani, au kuniambia mama yangu ni mtu wa namna gani. Hakupata nafasi ya kuchagua.

Chumba changu ni kidogo. Kitanda, meza, jiko, na sasa bibi wawili wasiosalimiana. Kibonge alifurahi mno, akawa anakimbia kutoka goti hili hadi goti lile.

"Mpe mtoto maziwa, ana njaa," alisema mama, akanipa chupa yake.

Mikono yangu ilikuwa imezoea. Niliifungua, nikaimimina yote kwenye sufuria, juu ya yale ya asubuhi, nikaendelea kukoroga. Nilipoinua macho, wote wawili walikuwa wanaiangalia sufuria.

"Hayo mengine ni ya nani?" aliuliza mama.

"Ni yangu," alisema mama mkwe, polepole. "Ya asubuhi. Nilileta mwenyewe."

Maziwa yakaanza kutoa povu pembeni.

"Na huwa unafanya hivi?" mama yangu aliuliza.

"Nina sufuria moja, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kunywa maziwa ya ng'ombe."

Wakamgeukia Kibonge wote kwa pamoja, kama watu wanaokagua nguo waliyoiuza. Alikuwa ameketi chini, miguu mbele, tumbo juu ya miguu, anangoja kikombe chake. Mama mkwe alimshika shavu moja. Baada ya muda mama yangu akalishika la pili.

"Mimi nilisema ni maziwa yangu," mama alisema.

"Na mimi nilisema."

"Kumbe mtoto ametufanya sisi wajinga."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani, cha mtu asiyetaka. Kisha mama. Kisha mimi, ingawa machozi yalinitoka hapo hapo, nikageukia moto nijifanye ni moshi. Kwa hiyo nikadhani mambo yamekwisha. Kwenye hadithi nyingine labda yangekwisha.

"Lakini tangi siyo sufuria," alisema mama yangu, akijifuta macho. "Hapa ni mkwe mwenzangu, namjua. Kule ni watu. Mimi sichanganyi maziwa na mtu nisiyejua anatia nini."

"Neno la kweli hilo," alisema mama mkwe. Ilikuwa mara ya kwanza niwasikie wakikubaliana.

Nikawaangalia. Wanawake wawili wenye macho ya kuona tone la maji kwenye ndoo ya mwenzake kutoka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimeuogopa wivu wao tangu siku ya harusi yangu, sikuwahi kufikiria kuupa kazi.

"Basi mjue wanatia nini," nilisema. "Kesho asubuhi, mama, wewe simama mlangoni upime maziwa ya Chini. Yote, hata ya ndugu zake mkwe mwenzako. Na wewe, mama mkwe, upime ya Juu. Nitawafundisha kipimo. Ndoo mtakayoikataa, haimiminwi, hata ikiwa ya Mwenyekiti."

Walikaa wanalifikiria jambo hilo. Niliona likiwapendeza kwa namna isiyo nzuri sana.

"Hata ya Mwenyekiti?" aliuliza mama mkwe, ambaye Mwenyekiti alimharibia gauni mwaka juzi.

"Hasa ya Mwenyekiti."

Niliwafundisha pale pale. Kipimo ni kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maziwa mazima kinasimama juu. Yakiongezwa maji, kinazama. Halafu spiriti kidogo kuona kama yameanza kuchacha. Halafu pua, na pua hawakuhitaji kufundishwa.

Asubuhi yake niliwapa aproni. Wa kwanza kumimina walikuwa wao wenyewe. Mama yangu alipima ndoo ya mama mkwe kwa muda mrefu kupita kiasi, akainusa, akainusa tena, akasema, "Inapita." Mama mkwe akapima ya mama yangu, akakiangalia kile kioo kwa jicho moja, akasema, "Inapita. Kwa shida." Zikamiminwa. Watu waliokuwa wamesimama nje kuangalia tu, kama watu wanaoangalia gari lililokwama, wakasogea.

Siku ile walikataa ndoo nyingi. Mama alimkatalia mwalimu wa kwaya wa Chini mbele ya kwaya. Mama mkwe aliikataa ya Mwenyekiti, nayo kweli ilikuwa na maji, Mwenyekiti akasema ni mvua iliyoingia, mama mkwe akamuuliza mvua hiyo ilinyesha ndani ya nyumba yake peke yake? Watu wa Juu walicheka mpaka wakakaa chini, ingawa aliyekataliwa alikuwa wa kwao. Kilichonishangaza ni kwamba aliyekataliwa hakuondoka na hasira za kudumu. Aliondoka kwenda kuosha ndoo. Hakuna aliyetaka kuaibishwa na upande wa pili mara mbili, na wiki haikwisha kabla ndoo za plastiki hazijatoweka na maziwa hayajaanza kufika yamechujwa, yamefunikwa kwa vitambaa vilivyopigwa pasi. Vilivyopigwa pasi! Dereva wa kiwanda aliuliza kama tumebadilisha ng'ombe.

Maziwa yakapanda. Hayakufika mstari, lakini makafi yalianza kulamba juu juu, chap, chap, sauti ya mtoto anayekunywa uji. Barafu ikaisha. Honi akapandisha bei kuwarudisha watu, na wengine walimrudia, sikuwalaumu. Wengi walibaki.

Siku ya Afisa ilipofika, ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Njia ya Juu ikinyesha huwa sabuni. Nilijua hilo tangu utotoni. Tulikuwa tukiteleza nayo kwa makalio na kuchapwa tukifika nyumbani. Watu wa Chini walileta maziwa yote, mama akayapima, yakaingia. Nilifunua mfuniko. Yalikuwa chini ya mstari. Kutoka Juu hakuna aliyeshuka isipokuwa mama, ambaye alikuja na tope mpaka magotini, na ndoo yake ilikuwa imemwagika nusu njiani.

"Wamesimama pale juu na ndoo zao," alisema. "Wanaogopa kuteleza. Wamwage yote?"

Zamani watu wa Chini wangesogea mahali pazuri ili waone wakianguka. Niliwaona wakitazama ule mteremko. Mama mkwe akavua aproni yake, akaitundika kwenye msumari.

"Mnangoja nini?" aliwauliza watu wake. "Mnataka lije lori kubwa au mnataka Honi?"

Akapanda wa kwanza, anashika vichaka. Wakamfuata. Walijipanga kwenye mteremko, mmoja juu ya mwingine, kutoka mlimani hadi barabarani, na ndoo za Juu zikaanza kushuka mkono kwa mkono. Mtu wa Juu alitoa maziwa yake akayaona yakienda kwenye mikono ya watu wa Chini, hawezi kuyafuata wala kuyalinda. Niliwaona wakiyaachia. Wengine walichelewa kuyaachia, lakini waliyaachia.

Afisa alifika ndoo zikiwa zimejaa sakafuni. Akatikisa mwavuli, akatazama ndani ya tangi, akatazama saa.

"Hayajafika," alisema. "Na hizi?"

"Hazijapimwa," nilisema. "Ni za Juu. Anayepima za Juu ni mama mkwe, na yeye yuko..." Nikaonyesha mlimani. Alikuwa kwenye mstari, katikati ya mteremko, tope mpaka usoni, anapiga kelele watu wasimwage.

"Si mama yako yupo hapa? Apime yeye, nina safari mbili nyingine leo."

Mama yangu alikuwa na kipimo mkononi. Maziwa yalikuwa ya majirani zake, ndugu zake, watu aliokua nao. Nilimwangalia, nikataka aseme ndiyo. Akilini nilimwona mume wangu ananyoosha mkono kuchukua begi, na nilimwona analirudisha chini ya kitanda.

"Mimi ni wa Juu," mama alimwambia Afisa. "Ya Juu hayamiminwi mpaka mkwe mwenzangu arudi."

"Mama, muda..." nilisema.

"Nikipima mimi leo, kesho watasema nini kule Chini? Watasema siku ya mwisho walijipimia wenyewe." Akaweka kipimo mezani, akavuta kigoda, akamsogezea Afisa. "Kaa, binti yangu. Mvua haijakatika. Unakwenda wapi na viatu hivyo?"

Afisa alikaa. Sijui kama ni kwa kupenda au ni kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukataa kukaa mama yangu akisema kaa. Kibonge alimpandia mapajani bila kuitwa. Tulingoja. Mvua ilipiga bati, na nilisafisha meza iliyokuwa safi.

Mama mkwe aliingia, akanawa mpaka viwiko, akavaa aproni yake. "Nani amegusa kipimo changu?" aliuliza.

"Hakuna," alisema mama.

Akapima. Ndoo moja baada ya nyingine, bila haraka, spiriti, pua. Mbili alizikataa. Mbili! Nilitamani kumfunga mdomo. Zilizobaki nikazimimina kupitia kitambaa, na nikiwa bado nimeinamisha ya mwisho sauti ya kikorogeo ikabadilika. Ile chap, chap ilikuwa imekwisha. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, ya kitu kinachosukuma kitu. Makafi yalikuwa yamezama yote. Afisa alipanda ngazi na Kibonge mkononi, akaangalia mstari, akaangalia tena.

"Umefunikwa," alisema. Kisha, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Jamani, mmeufunika."

Sitasema kila kitu kimenyooka. Barabara ya Juu tumeahidiwa kuchongwa, na mpaka sasa greda limekuja, likapigwa picha, likaondoka. Kuna nyumba kadhaa bado zinamuuzia mchuuzi wa kutoka mbali. Honi mwenyewe siku hizi hubeba maziwa ya wanaokaa ng'ambo ya mto kuleta kwenye tangi, analipwa na kituo, na kupiga honi hajaacha. Pale njia panda kuna duka la chakula cha ng'ombe, kinyozi, na mama mmoja wa chai. Mwezi uliopita watu walikubaliana bati na mbao zote za masoko mawili ziende kwenye moja. Walibishana muda mrefu liwe lipi. Wakaamua liwe lile la Chini, kwa sharti kwamba Mwenyekiti awe wa Juu. Yeye mwenyewe ni wa Juu, hivyo hakuna kilichobadilika, lakini kila upande ulikwenda nyumbani ukijua umeshinda.

Mwezi ule wa tangi ulipokwisha, mume wangu alirudi kuwa fundi wake. Alifika jioni, sanduku la vyombo vyake mkono mmoja, sufuria yangu ndogo mkono mwingine, imekuwa nyeusi kama tairi. Bibi wote wawili walikuwepo. Kibonge alijificha nyuma ya sketi yangu, akamchungulia. Aliposema, "Hujambo, Kibonge," mtoto aliitambua sauti. Akatazama mezani ilipo simu, akamtazama yeye, akatazama simu tena.

"Sasa una sufuria mbili," alisema mama mkwe. "Tuone utachemsha ya nani kwenye ipi."

"Yangu kwenye ile kubwa," alisema mama.

"Kwa nini yako kubwa?"

Kibonge alitoka nyuma yangu. Alimwendea baba yake taratibu, akaichukua ile sufuria ndogo kutoka mkononi mwake, akaivaa kichwani. Ikamfika puani. Akasimama hivyo, haoni kitu, anangoja tuseme kapendeza. Baba yake alipiga magoti akaanza kumtafuta kwa sauti kubwa chumba kizima, yuko wapi Kibonge, jamani, yuko wapi, na chini ya sufuria kicheko kikaanza.

Kwenye ile kubwa maziwa yalikuwa yanapanda. Nikakimbilia kupunguza moto.